Amplifaya ya marehemu mzee inavuma na kukwaruza: ni kapasita, stima ya mtaa au hewa ya bahari?

#1 Baharia_Mdogo
Salaam wakuu. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Mwaka 1979 alirudi na amplifaya ya Kijapani, ile ya uso wa alumini na mita mbili za mshale. Ndiyo iliyotulea kwa taarab. Sasa iko kwangu Kizingo, Mombasa, sebule inatazama maji. Ina mambo matatu.

Inavuma, "vuuum" ya chini, spika zote mbili, hata volyumu ikiwa sufuri. Halafu spika ya kushoto inakwaruza, lakini huanza ikishapata moto, si mara tu nikiwasha. Na kulia sauti hukatika usiku nikisikiliza polepole. Nikiongeza volyumu inarudi yenyewe na kutulia.

Fundi mmoja aliisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema "kapasita zote zimekufa", akataka elfu kumi na tano. Hakufungua skrubu hata moja. Ni kapasita kweli, au nimeonekana nina pesa?

#2 Waya_Moto
Kapasita. Kitu cha 1979 na kapasita za 1979, unauliza nini tena? Zile kopo kubwa mbili za kutunza chaji, kando ya transfoma. Badilisha, lala usingizi.

#3 FundiKisauni
Waya_Moto, punguza mbio. Katoa maradhi matatu, wewe umeandika dawa moja.

Kulia kukatika na kurudi ukiongeza sauti ni relei ya spika, swichi inayojifunga yenyewe. Ndiyo ile unayoisikia "tak" sekunde chache baada ya kuwasha. Kontakti zake zimeshika weusi, sauti ndogo haina nguvu ya kupenya, kubwa inapenya. Kukwaruza kwa kushoto ni kesi nyingine. Mvumo nao ni kesi ya tatu, na huo unaweza kutoka ndani au nje ya amplifaya.

Baharia, kabla hujatoa senti: chomoa kila waya ulioingia nyuma. King'amuzi, simu, deki ya kanda, santuri, vyote. Acha spika tu. Washa usikilize.

#4 Binti_wa_Feri
Kizingo ni jirani zangu, nami nasema ni bahari. Kaka yangu na mimi tulinunua amplifaya za aina moja, duka moja, siku moja. Yake iko Nairobi, soketi za nyuma zinang'aa hadi leo. Yangu soketi zimeota kijani, na nobu ukiigusa inakwaruza. Umri ni mmoja, matumizi ni yale yale, tofauti ni chumvi tu. Msimu wa masika ndio inazidi.

#5 Waya_Moto
@Binti_wa_Feri chumvi inaingia kwenye soketi, sawa. Lakini haivumishi spika zote mbili volyumu ikiwa sufuri.

#6 Baharia_Mdogo
Fundi, nimechomoa vyote. Mvumo umepungua, haujaisha. Na sasa palipotulia nagundua kuna sauti mbili. Moja nene, "vuuum". Nyingine nyembamba juu yake, "zzzz", hiyo inakuja na kwenda.

#7 Mwalimu_Tudor
Hapo pazuri. Stima yetu ni volti 240, hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Sasa fuata.

Mvumo ukiwa wa hezi 50 maana yake stima imeingia kabla ya kugeuzwa kutoka ya kubadilika-badilika (AC) kuwa ya moja kwa moja (DC): waya wa sinyali ulio karibu na transfoma, ethi (waya wa ardhini) iliyozunguka, kiziba cha waya kilichoachia. Ukiwa wa hezi 100 umetoka baada ya daiodi, zile zinazopitisha stima upande mmoja tu, kwa sababu rektifaya kamili, yaani daiodi hizo zikiwa pamoja, inalikunja wimbi na kila mzunguko unatoa mapigo mawili. Hapo ndipo kapasita kubwa zinashukiwa, maana kazi yao ni kujaza mabonde baina ya mapigo. Zikikauka, mabonde yanasikika.

Kwa hiyo swali la kwanza si "kapasita au si kapasita". Ni 50 au 100? Kuna programu za simu zinazotoa mlio wa hezi unayotaka. Linganisha.

#8 Pwani_Raha
Mwalimu kaingia darasani na chaki 😂

#9 Kinanda_cha_Harusi
Msisumbuke na programu. Mwenye kinanda apige G. Ile G ya chini kabisa ni hezi 49, inayofuata ni 98. Hamsini na mia zote zinakaa kwenye G, imepanda nywele moja tu. Ndiyo maana kwenye harusi stima ikivuma mimi hucheza nyimbo za G, watu hawajui kitu.

#10 Pwani_Raha
@Kinanda_cha_Harusi kumbe ndio maana harusi ya binamu yangu nyimbo zote zilikuwa sawa.

#11 Solda_Baridi
Marekebisho kwa Mwalimu. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 50, ni ndogo mno. Atakachosikia ni kivuli cha sauti hiyo, atadhani ni mia. Avae hedifoni nzuri, au atumie programu inayosikiliza kwa maikrofoni na kuchora mistari ya masafa, asogeze simu karibu na spika. Mstari mrefu uko 50 au uko 100? Na kwa kawaida ataona vyote viwili, ndipo ubishi unapoanza upya.

#12 Mwalimu_Tudor
Solda_Baridi, hilo la spika ya simu ni sahihi. Ahsante.

#13 Chelewa_Chelewa
Nyote mnazunguka. Kitu cha Kijapani ni hezi 60. Kinafanya kazi kwa 50 ndio maana kinalalamika. Uza.

#14 Mzee_wa_Gati
Mwanangu Chelewa, si hivyo. Japani ina zote mbili. Upande wa Tokyo ni hezi 50, upande wa Osaka ni 60, na volti zao ni 100. Vyombo vyao vingi vimeandikwa 50/60 kwa sababu hiyo hiyo, mtu akihama mji asitupe redio. Wa kuogopwa ni wa Marekani, volti 120 hezi 60 peke yake. Transfoma ya 60 ukiitia kwenye 50 chuma chake kinashiba mapema, inapata moto na kuvuma yenyewe, hata spika zikiwa zimechomolewa.

Tena vitu tulivyonunua sisi mabaharia vilikuwa vya kusafirisha nje. Nyuma pana kidude cha kuchagua volti, kinazungushwa kwa bisibisi au sarafu: 110, 120, 220, 240. Baharia_Mdogo, kiangalie. Mzee wako alikiweka ngapi?

#15 Baharia_Mdogo
Shikamoo Mzee. Kipo, karibu na tundu la waya. Kimeandikwa hivyo hivyo ulivyosema na mshale uko 220. Nimepima soketi ya ukutani saa nne usiku: 251.

#16 Mzee_wa_Gati
Marahaba. Umeona sasa. Enzi zile melini tulikuwa na 220, kwa hiyo mzee hakukosea. Ila nyumbani ni 240 na usiku, watu wakizima, inapanda. Chomoa waya ukutani, subiri, kisha zungusha iende 240. Usizungushe ikiwa imewashwa!

#17 Solda_Baridi
Hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Fanyeni hesabu. Baina ya 220 na 251 kuna ongezeko la asilimia 14. Tuseme amplifaya yake iliundwa kwa volti 42 juu na 42 chini za ndani (+42 na -42), ni kawaida kwa wati hamsini sitini. Ukiipa 251 zinakuwa karibu 48. Kapasita za namna hiyo nyingi zimeandikwa volti 50. Maana yake kwa miaka yote hiyo, kila usiku, zimekuwa zikiishi volti mbili kutoka ukingoni.

Na joto nalo. Kapasita ya kawaida inaandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85. Kila ukiipunguzia nyuzi 10 umri unakuwa maradufu. Ikikaa nyuzi 55 ndani ya sanduku unapata saa 16,000. Mtu anayesikiliza saa nne kwa siku anaimaliza kwa miaka kumi na moja hivi. Hii ni ya 1979.

#18 Waya_Moto
Kwa hiyo nani alisema kapasita tangu posti namba 2? Nasubiri soda yangu.

#19 FundiKisauni
Soda utainunua mwenyewe. Hesabu ya saa 2,000 ni ya kapasita inayofanya kazi kwa mzigo wote wa mawimbi iliyoandikiwa, na ya sebuleni haifiki huko. Nimefungua za miaka ya sabini kapasita kubwa zikapima vizuri tu. Zinazokufa mbele ni zile ndogo za mikrofaradi 10 na 47 zilizobanwa karibu na rezista zinazotoa moto. Kubadilisha zote bila kupima ni kupiga ramli.

Na anayetaka kubadilisha zile kubwa: volti iwe sawa au juu, nyuzi 105, na mikrofaradi zisizidi sana. Kuna watu hutoa 10,000 wakatia 33,000 ati besi iwe nzito. Unapowasha tu, daiodi za zamani zinabeba mshindo ambao hazikuzaliwa nao.

#20 Binti_wa_Feri
Mwaka huo mlioutaja hakuna aliyekuwa akisikiliza saa nne kwa siku, stima yenyewe ilikuwa ikipotea 😂

#21 Pangaboi
Jina langu litawaambia. Ile "zzzz" inayokuja na kwenda, Baharia zima pangaboi. Si panga lenyewe, ni rigyuleta yake. Zile za zamani, sanduku kubwa linalopata moto, hazina neno. Hizi mpya ndogo za kuzungusha kama za taa zinakata wimbi la stima katikati mara mia kwa sekunde, na huo mkato unasafiri kwenye nyaya za nyumba nzima. Ukiweka kasi ya tano inatulia, ukiweka ya pili inapiga kelele. Jaribu, kisha rudi uniambie nani fundi.

#22 Baharia_Mdogo
Pangaboi, nimezima na "zzzz" imekwenda. Nimewasha kasi ya pili, imerudi. Ya tano, karibu haipo.

#23 Pwani_Raha
Kwa hiyo achague: muziki au jasho.

#24 Mwalimu_Tudor
Si lazima. Rigyuleta ya hatua, inayotumia kapasita badala ya kukata wimbi, haina kelele hiyo. Fundi wa stima atakubadilishia. Angalieni pia chaja na balbu za LED za bei ya chini. Na simu ikiwekwa juu ya amplifaya, ile "titi-titi-titi" kabla ya kuita, hiyo ni mtandao wa kizazi cha pili ukizungumza na mlingoti. Isogezeni tu.

#25 Chelewa_Chelewa
Kata pini ya ethi kwenye plagi, mvumo wote unaisha. Nilifanya kwangu.

#26 FundiKisauni
Wenye watoto msimsikilize huyu. Pini ya ethi ndiyo inayokuokoa waya wa moto ukigusa bodi ya chuma. Mvumo wa kuzunguka kwa ethi unaukata kwenye waya wa sinyali, kwa transfoma ndogo ya kutenga sauti, au unapeleka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja.

Halafu hii ya Baharia hata haina ethi. Baharia, waya wa stima una nyaya ngapi?

#27 Baharia_Mdogo
Mbili. Mzee mwenyewe aliifunga plagi ya pini tatu, ya ethi haina waya.

#28 FundiKisauni
Basi. Iliundwa hivyo. Kilichopungua ulipochomoa nyaya za nyuma ni king'amuzi: kinashika ethi kupitia waya wa dishi au tivii, kinaipeleka kwenye amplifaya. Vichomeke kimoja kimoja utamjua mwenyewe. Na santuri kama unayo, ile waya nyembamba nyeusi yenye uma iko kwenye skrubu ya nyuma? Wengi wanaiacha inaning'inia.

#29 Usiku_wa_Mkomani
Jamani yangu ina jambo jingine. Ikifika saa sita usiku, hakuna kilichochomekwa, nasikia mtu anazungumza Kiarabu ndani ya spika. Polepole, kwa mbali. Mke wangu hataki kukaa sebuleni.

#30 Pwani_Raha
Hiyo si kapasita. Hiyo ni ya kusomewa.

#31 Solda_Baridi
Ni redio ya mawimbi ya kati. Usiku mawimbi hayo yanadunda juu angani na kuja mbali, na juu ya bahari hayana kizuizi. Nyaya zako ndefu za spika zinafanya kazi ya ariali, na mahali fulani pana kiungo chenye kutu kinachofanya kazi ya daiodi. Umepata redio bure. Fupisha nyaya za spika, safisha soketi na vituo vya kufungia waya, utaona.

#32 Usiku_wa_Mkomani
Mke wangu anasema aliyeandika #30 ndiye anayejua. Nitafupisha nyaya hata hivyo.

#33 Binti_wa_Feri
Kiungo chenye KUTU. Nani alisema bahari?

#34 Mzee_wa_Gati
Nacheka peke yangu hapa. Kila mtu anakusanya ushindi.

#35 Mjukuu_wa_Makupa
Kuhusu volyumu kukwaruza, sisi hutia mafuta ya taa kidogo kwa bomba la sindano. Inatulia siku hiyo hiyo.

#36 FundiKisauni
Siku hiyo hiyo, ndiyo. Yanayeyusha grisi ya ndani na kubeba vumbi, kisha yanaacha utando unaokusanya vumbi jipya. Tumia spreyi ya kontakti ya kielektroniki, chomoa stima, puliza kupitia tundu la nyuma ya volyumu, zungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi, acha ikauke. Na kabla ya dawa yoyote, ile swichi ya "tape monitor" mbele ibonyeze ndani nje ndani nje. Watu wameuza amplifaya kwa sababu ya swichi hiyo moja. Sauti yote inapita pale, na hakuna anayeigusa tangu kanda zitoke sokoni.

#37 Mjukuu_wa_Makupa
Na relei? Nilipitisha msasa laini.

#38 FundiKisauni
Msasa unakwangua fedha iliyopakwa juu ya kontakti. Kata kipande cha karatasi ngumu, kama kadi ya harusi, kilowanishe spiriti, kipitishe katikati ya midomo ya relei huku umeibana kidogo kwa kidole, vuta. Karatasi inatoka na mstari mweusi. Rudia hadi itoke safi. Kama imechimbika, tia relei mpya ya volti ile ile, nyingi ni 24.

#39 Kinanda_cha_Harusi
Kadi za harusi ninazo sanduku zima, anayehitaji aje Majengo.

#40 Baharia_Mdogo
Ripoti fupi. Volti nimezungusha 240. Mvumo umepungua na transfoma haipati joto kama zamani. Kifuniko nimefungua, nikakuta vumbi na mayai ya mjusi mawili makavu juu ya hitisinki, kile chuma cha kupoza. Karatasi nimeipitisha kwenye relei, kulia haijakatika tena. Swichi ya "tape monitor" nimebonyeza hadi kidole kikauma. Bado kuna vuuum kidogo, na kushoto bado panakwaruza ikishapata moto, volyumu ikiwa sufuri pia.

#41 Pwani_Raha
Mayai ya mjusi ndio mod ya besi.

#42 Solda_Baridi
Kukwaruza volyumu ikiwa sufuri kunaondoa shaka kwa volyumu na vyote vilivyo kabla yake. Tumebaki na bodi ya pawa, upande wa kushoto. Huwa ni mojawapo ya haya.

Transista ndogo za mwanzo zilizochoka. Amplifaya za miaka ya sabini zilijaa 2SC458 na 2SA726, na mafundi wa vitu vya zamani dunia nzima wanazijua kwa kelele. Zikizeeka zinakwaruza kama bhajia kwenye karai. Jaribio: washa, subiri ianze, kisha zipulize moja moja kwa spreyi ya baridi. Ukipuliza moja na kelele ikabadilika ghafla, umeipata.

Au lehemu iliyopasuka. Mguu wa transista kubwa unapanuka ukipata moto, lehemu inazunguka mguu kwa ufa mwembamba wa duara, huuoni bila lenzi. Chukua kijiti cha mshikaki, kikavu, cha mbao, gonga bodi taratibu hapa na pale. Panapojibu ndipo.

#43 Mzee_wa_Gati
Na ile gundi. Viwandani walikuwa wakishikiza kapasita kwa gundi ya rangi ya maziwa au manjano ili zisitikisike melini. Kwa miaka na joto inageuka hudhurungi, inavuta unyevu, inaanza kupitisha stima kidogo na kula miguu ya vifaa. Mahali penye hewa kama yetu ni balaa. Inakwanguliwa kwa mti au plastiki, si kwa kisu, maana inashika bodi.

#44 Baharia_Mdogo
Mzee, gundi ya kahawia ipo. Chini ya kapasita mbili kubwa na imemwagika hadi kwenye rezista za kushoto. Mguu wa daiodi moja umekuwa mweusi.

#45 Binti_wa_Feri
Unyevu.

#46 Waya_Moto
Chini ya KAPASITA.

#47 Mwalimu_Tudor
Gundi ikipitisha stima baina ya nukta mbili inaeleza kukwaruza, na kwa nini kunaanza baada ya joto. Haielezi mvumo wa pande zote mbili. Ule uliobaki ni 50 au 100? Baharia hajajibu tangu #7.

#48 Baharia_Mdogo
Nimetumia programu ya mistari kama alivyosema Solda_Baridi. Mmoja uko 50, mwingine 100, na wa 100 umezidi kidogo. Nikizima pangaboi na friji hakuna tofauti.

#49 Solda_Baridi
Nilijua. Sasa kila mtu ana mstari wake.

#50 Waya_Moto
Wa 100 umezidi. Mimi nimemaliza.

#51 FundiKisauni
Waya_Moto, tivii ikiwashwa pembeni hiyo simu itaonyesha mia pia. Pima mawimbi kwenye kapasita zenyewe. Mita ikae AC, ncha kwenye miguu ya kapasita kubwa. Ukipata mamia ya milivolti bila muziki wowote, kapasita au daiodi. Ukipata makumi machache, tafuta kwingine. Ila mwenye mkono usio na uzoefu asiingize ncha humo, volti 84 kutoka juu hadi chini zinaumiza. Na ukizima, zile kapasita zinabaki na chaji. Zitoe kwa rezista ya wati tano, si kwa bisibisi. Wa bisibisi watajionea cheche.

Tena pima DC kwenye tundu za spika, spika zikiwa zimetolewa. Chini ya milivolti 50 uko salama. Ikiwa nusu volti na kupanda, usirudishe spika.

#52 Chelewa_Chelewa
Transista kubwa badilisha tu zote, 2SC5200 na 2SA1943 zinauzwa mia mbili mia mbili mjini.

#53 Solda_Baridi
Kwa bei hiyo umenunua maandishi. Hizo mbili ni miongoni mwa transista zinazoghushiwa zaidi duniani. Ndani unakuta kipande kidogo cha silikoni cha transista nyingine. Inapiga vizuri kwa sauti ya chini, siku ya Idi inapasuka na kuondoka na spika. Na kwa nini abadilishe zinazofanya kazi? Za zamani ni za chuma au zina miguu tofauti, na bayasi, ile stima ndogo inayopita ndani yake hata bila muziki, itabidi iwekwe upya.

#54 Mjukuu_wa_Makupa
Mimi za kweli huagizia Nairobi, barabara ya Luthuli, zinakuja kwa basi la usiku. Hata huko muombe muuzaji unayemjua.

#55 Pangaboi
Akishagusa chochote ndani asichomeke moja kwa moja ukutani. Balbu ya wati 60 mfululizo na waya wa moto. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo pana shoti, ikiwaka na kufifia pako sawa.

#56 Mjukuu_wa_Makupa
LED ya wati 9 si ndiyo sawa na 60? Imeandikwa kwenye boksi.

#57 Pangaboi
Hapana! Lazima iwe ya waya wa kuwaka, au halojeni. Kazi yake hapo ni kuzuia stima, si kumulika. Za waya zimekuwa adimu, ila maduka ya zamani bado utazipata ukiuliza.

#58 Mzee_wa_Gati
Baharia, nasema hivi kama mtu wa rika la babako. Usibadilishe kitu kabla hujakwangua ile gundi na kusafisha kwa spiriti. Hakuna gharama ila jasho. Kisha sikiliza. Kushoto kukinyamaza, umeokoa pesa. Mguu wa daiodi uliokuwa mweusi utaukagua hapo hapo, ukikatika mkononi tia mpya.

#59 FundiKisauni
Nakubali gundi iwe ya kwanza. Lakini nashikilia kwamba ule mvumo uliobaki ni waya wa sinyali unaopita karibu na transfoma, aliyewahi kuifungua zamani hakuurudisha mahali pake. Angalia kama kuna tepu ya fundi, rangi tofauti na ya kiwanda.

#60 Baharia_Mdogo
Ipo tepu nyeusi, na lehemu nyingine inang'aa kuliko zenzake. Kumbe mzee aliwahi kuipeleka kwa mtu. Hakutuambia.

#61 Waya_Moto
Huyo mtu alibadilisha kapasita?

#62 Baharia_Mdogo
Moja tu kati ya mbili. Nyingine ni ya kiwanda.

#63 Solda_Baridi
Basi pana mpya na nzee, upande wa juu na upande wa chini hazilingani. Hili nalo linaeleza mia. Picha, tafadhali, za pande zote mbili za bodi kabla hujagusa gundi.

#64 Binti_wa_Feri
Na mimi nikifungua yangu nitapiga. Nataka kuona ya Kizingo na ya Feri ipi imeliwa zaidi.

#65 Mgeni_Mtwapa
Habari zenu, nimejiunga leo. Yangu haivumi kabisa ila inatoa moshi kidogo upande wa nyuma nikiwa nasoma uzi huu. Ni kapasita pia?

#66 FundiKisauni
Chomoa ukutani kwanza. Kisha fungua uzi wako.